Gari Lisiloshuka

Palikuwa na nchi, na kwa neema yake yenyewe bado ipo, kwa hiyo jina lake naliacha. Jina hilo lina tabia ya kukamata watu.

Mimi ni mjumbe wa Mtaa wa Nguzo Mbili katika nchi hiyo. Kazi yangu ni kujua nani kaamkaje, nani kapika nini na nani kanung'unika. Ni kazi ya heshima na naipenda. Nimeshika kalamu kwa sababu yamezuka maneno ya kipuuzi kuhusu jirani zangu wawili, Mwalimu Pazi na mkewe Bi Zamda, eti Serikali iliwaonea. Maneno hayo yananiudhi. Nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, nitaeleza yote kama yalivyokuwa, na msomaji mwenyewe ataona kwamba hakuna aliyeonewa.

Yalianza na magari. Kiongozi wetu, ambaye cheo chake kamili ni Mpandishaji Mkuu, alirudi kutoka ng'ambo akifuatwa na meli iliyosheheni magari ya umeme. Yalikuwa yametumika. Huko ng'ambo kila mwaka linatoka gari jipya lenye betri kubwa zaidi na bei nafuu zaidi, na la mwaka jana linabaki kuangaliwa kama kiporo. Wenyewe walikuwa wakiyatoa kwa bei ya kutupa ili wapate nafasi ya kuegesha. Kiongozi wetu si mtu wa kunyonya wenzake. Alilipa kila gari bei ya jipya, na inasemekana muuzaji alilia kwa furaha, kisha wakagawana machozi hayo wao wawili katika benki ya huko huko.

Bandarini tulipanga mistari tukaimba wimbo wetu wa taifa mfupi, ule wa siku za haraka: "Panda, Baba, panda! Panda, Baba, panda!" Naomba msomaji aukumbuke wimbo huo.

Wastaafu waliokuwa wakidai kiinua mgongo walipewa magari badala ya fedha. Mwalimu Pazi alikuwa mmoja wao, na mgongo wake ulikuwa umepinda kweli kwa kuinamia madaftari ya watoto wa watu. Alipewa gari dogo jeupe, safi, lenye viti vinavyonukia manukato ya mtu mwingine. Ukilichaji usiku kucha, asubuhi lilikwenda mpaka sokoni, likalala. Kurudi, tulilisukuma. Sheria iliita kitendo hicho "kusukuma kwa hiari", na asiyesukuma kwa hiari alichapwa.

*

Haikupita muda wastaafu wakataka kuuza. Watu hawa walizoea kula, na gari haliliwi. Mnunuzi alikuja, akaliwasha, akatazama betri, akacheka, akaenda zake. Aliyetaja bei alitaja bei ya baiskeli, tena baiskeli isiyo na kengele.

Habari zikamfikia Mpandishaji Mkuu kwamba magari yake, aliyoyanunua yeye mwenyewe kwa bei ya jipya, thamani yake imefanya jambo ambalo siruhusiwi kuliandika. Alikasirika mpaka chakula kikapoa. Jioni ile Waziri wa Thamani, Daktari Lusinge, akalihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu wanadai kwamba gari likitumika linachakaa. Huo ni uchochezi wa kifizikia. Gari la umeme ni kama ng'ombe, likikaa linazaa. Kama la kwako halijazaa, jiulize wewe umelifanya nini. Kuanzia sasa, gari la Mpandishaji Mkuu halishuki thamani. Lilivyotoka melini ndivyo litakavyokuwa kesho na siku ya kiyama. Atakayeliuza kwa pungufu, pungufu hiyo ameliibia taifa. Na atakayelitamka lile neno, ameua."

Lile neno likapigwa marufuku, isipokuwa likiwa limekanushwa. Ilikuwa ruksa kusema halishuki, hashuki, hatukushuka. Likiwa tupu, adhabu yake ilikuwa kuchajiwa. Kuchajiwa ni kuchapwa kwa nyaya za kuchajia magari, ambazo zilijaa ghalani na hazikuwa na kazi nyingine, kwa kuwa umeme wenyewe ulikuwa wa mgao. Nyaya zile ni nene kama mkono wa mtoto, na mwishoni zina kichwa cha chuma cha kuchomekea. Mtu akichajiwa mpaka akafa, taarifa ya habari ilisema amejaa.

Mimi kama mjumbe ninacho kibali cha kuliandika neno lile tupu mara moja tu maishani. Nimekitunza, na nitakitumia patakapokuwa hapana budi.

Lugha yetu ikanyooshwa. Abiria wa basi akifika alikokwenda alimwambia kondakta, "Napanda nje." Kitambaa cha kutandikia kitanda kilinyang'anywa jina, tukakiita nguo ya godoro. Mtu aliyekuwa akija chini kwa ngazi alisemekana anapanda kuelekea chini. Ndugu yake lile neno, lile linaloanza na "tere", nalo lilikamatwa wiki hiyo hiyo kwa kosa la kumficha mwenzake. Mlevi mmoja alimuuliza askari kama bei ya pombe nayo ina ruhusa ya kufanya lile jambo, akajaa kabla hajalipa deni lake la kilabuni.

*

Ikafika Sherehe ya Thamani. Wake wa wastaafu walitakiwa kwenda mbele ya kipaza sauti mmoja mmoja kutoa shukrani kwa ajili ya magari. Bi Zamda alikuwa mshona kofia. Kofia zake za mkono, zile za matundu madogo madogo, zilivaliwa na maimamu na mabwana harusi wa mji mzima, na alizishona bila miwani. Alikuwa mwanamke mpole, wa kumwomba radhi hata kiti akikigonga. Akashika kipaza sauti akaanza, "Mheshimiwa, nashu..."

Kando yake alisimama Kamanda Ngwamba wa Kikosi cha Thamani, mtu mwepesi wa kazi. Waya ulifika kabla ya neno kuisha. Kichwa cha chuma kiliingia katika jicho la kushoto, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa hewani, uwanja mzima tulisikia mlio wa yai linalopasuka kwenye sakafu. Bi Zamda alianguka. Akiwa pale chini, mtandio wake unalowa damu, adabu yake ikamlazimisha kumaliza alichokianza. Akasema, "...kuru."

Kamanda alisikitika kwa dhati. Alimwinamia akamwambia, "Samahani sana, mama yangu. Siku nyingine anzia mwisho."

Hospitalini daktari alimvuta Mwalimu Pazi pembeni. "Macho yana udugu wa ajabu, mzee wangu," alimwambia. "La kushoto limekufa, na la kulia linataka kulifuata. Tukipasua mapema, la kulia litabaki. Tukichelewa, mkeo hataona tena hata jua. Lakini hapa kwetu ni pesa kwanza."

Mwalimu Pazi hakuwa na kitu duniani ila lile gari. Nilimwonea huruma, nasema kweli, ingawa huruma haimo katika kazi zangu.

*

Magari yaliuzwa katika yadi moja nyuma ya machinjio. Dalali wa pale alikuwa Kondo, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu Pazi na aliyeshindwa kila somo ila kuongea. Tulilisukuma gari mpaka pale, mwalimu, mimi na jirani wengine wa hiari.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba, Kondo. Nimekuletea gari."

Kondo akalizunguka. Akaingia ndani, akabandua karatasi iliyogandishwa na Wizara juu ya kioo cha betri, ile yenye picha ya betri iliyojaa. Akachungulia kilichokuwa chini yake, akairudisha taratibu kama anayemfunika maiti uso.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "hili limepanda."

"Limepanda kiasi gani?"

"Limepanda mno. Limepanda mpaka likatokea upande wa pili. Betri imebaki robo, na hiyo robo yenyewe inavimba. Ukitaka betri mpya, bei yake inazidi gari zima. Hapa kwetu hakuna fundi wa kuifungua. Wa mwisho aliyejaribu alipigwa shoti akabaki meno tu. Mnunuzi wa siku hizi hanunui gari, mwalimu wangu, ananunua betri. Gari ni mkoba wake."

"Kondo, ni jicho la Zamda. Sitafuti faida. Natafuta ya kumpasulia tu."

Kondo akakuna kichwa, akatazama huku na huku. "Bi Zamda ndiye aliyenishonea kofia ya harusi," alisema. "Ninaye mtu. Anafuga kuku. Yeye anataka bodi tu, aweke vifaranga ndani. Atatoa ya upasuaji, haitabaki hata ya soda."

"Mlete huyo huyo, mwanangu."

Mfuga kuku akaitwa, akaja na pesa zake kwenye mfuko wa pumba. Mwalimu Pazi alikuwa amekwisha kutoa funguo. Hapo mimi, kwa mujibu wa kazi yangu, nilijitenga kidogo nikapiga simu.

Kikosi cha Thamani kilifika mfuga kuku akiwa bado anahesabu. Kamanda Ngwamba aliuliza kwa upole, "Gari hili thamani yake ni ngapi?"

"Ile ile, Kamanda," alisema Kondo. "Halishuki."

"Na huyu anatoa ngapi?"

Kondo, aliyejua kuongea, akaanza kusifu viti vya gari.

Walimchaji pale pale, wamemwegemeza mlangoni mwa gari. Walianza na mgongo, wakaja mikono, wakamalizia na mdomo. Meno yaliruka yakagonga bodi kama mvua ya mawe. Kamanda alifoka gari lipanguswe upesi lisipate mikwaruzo, maana mikwaruzo inafanya bei i... Akajishika mdomo. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akajitandika mwenyewe waya mmoja wa paja. Kondo alijaa kabla ya adhuhuri. Mfuga kuku alikatwa vidole alivyokuwa akihesabia, akaruhusiwa kwenda nyumbani na mfuko wake wa pumba, mtupu.

Mwalimu Pazi walimchukua hai, na mimi wakanichukua kama shahidi.

*

Mwalimu Pazi alijua anakwenda kujazwa. Njia nzima alinitazama mimi tu, jambo ambalo niliona si la kiungwana. Badala yake tulipelekwa kwa Waziri Lusinge, tukakalishwa kwenye sofa, tukapewa chai ya maziwa.

"Mwalimu," alisema Waziri, "umetaka kuuza. Vizuri sana. Utauza. Utamuuzia Mpandishaji Mkuu mwenyewe, hadharani, kwa bei ile ile ya melini. Atalizungusha uwanjani, ulimwengu utaona kwamba halishuki, na hundi yako itakuwa mfukoni mwake. Akimaliza kuzunguka atakukabidhi kwa mkono wake."

"Kweli nitalipwa, Mheshimiwa?"

"Wewe ni mwalimu. Unaogopa hesabu?"

Mwalimu Pazi akalia. Alilia vibaya, chai yote ikamwagikia mapajani, na hakuonekana kusikia joto lake. Alipofika nyumbani alipiga magoti mbele ya mkewe. "Mke wangu, utaona," alisema. "Utaona tena."

Bi Zamda alimshika uso kwa viganja. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu. "Nikipona nitakushonea kofia," alimwambia. "Miaka yote hii hujavaa ya kwangu. Za watu ndizo zilizonimaliza macho."

"Nyeupe," alisema mwalimu.

"Nyeupe."

Niliwasikia kutoka dirishani, ambako huwa nasimama.

Wizara ikalichukua gari kulitayarisha. Ili lipendeze, ilibidi lizunguke uwanja kwa betri yake yenyewe bila kusukumwa, na umeme wa mgao haukutosha. Ukakatwa umeme wa hospitali ukaelekezwa garini. Wodini baadhi ya wagonjwa walijaa, kila mmoja kwa sababu zake binafsi. Fundi wa Wizara akaja mbio kumwambia Waziri kwamba betri imejaa kupita kiasi na sasa inavimba. Waziri alimjibu kwamba kuvimba ni kupanda, akaamuru liongezwe. Fundi alipoendelea kubisha, alichajiwa sambamba na gari, na yeye ndiye aliyetangulia kujaa.

*

Siku ilipofika uwanja ulifurika mpaka watu wakakaa juu ya watu. Mwalimu Pazi na Bi Zamda waliwekwa mstari wa mbele, mimi nyuma yao. Mpandishaji Mkuu alionyesha hundi kwa umati, akaitia mfukoni, akajipenyeza nyuma ya usukani, akafunga kioo. Gari likaenda lenyewe. Nakiri machozi yalinitoka. Lilizunguka nusu ya uwanja, likasimama mbele yetu ili apigwe picha.

Moshi ulianza chini ya kiti cha nyuma, mwembamba, wa kijivu. Kiongozi hakuuona. Alikuwa akitupungia mkono huku ameupa mgongo. Milango ilikuwa bado inafunguka. Angevuta kitasa, akaweka mguu chini, mambo yakaisha. Alihitaji kuambiwa neno moja tu. Kumgusa hakuna aliyethubutu, maana mlinzi wa mwisho aliyemgusa, siku alipomdaka asianguke bafuni, alijaa siku hiyo hiyo.

Kamanda Ngwamba alikuwa wa kwanza kukimbilia. "Mheshimiwa, panda nje!" alipiga kelele. "Panda! Panda!"

Uwanja mzima ukadhani ameanzisha wimbo, ukaitikia kwa furaha: "Panda, Baba, panda!" Kiongozi akatabasamu, akajipandisha vizuri kitini.

Kina mama wa mstari wa mbele wakalia, "Moto! Moto!" Kiongozi akainua dole gumba. Alidhani wanamwambia kwamba yeye ni moto wa kuotea mbali.

Waziri Lusinge alifika anahema, jasho linamtiririka mpaka kwenye nishani. Ungemwona akitafuta neno halali. "Toka" na "ondoka" yalikatazwa tangu zamani, kwa sababu wapinzani waliyapenda mno. Mwishowe akakumbuka kwamba sheria inaruhusu kukanusha. Akabandika mdomo kwenye kioo. "Mheshimiwa, usishuke!" alipaza sauti, huku akikonyeza kwa macho yote mawili. "Nakuomba sana, usishuke!"

Kiongozi alimsikia vizuri kabisa. Akatikisa kichwa kukubali, akafunga mkanda.

"Kuna nini, Pazi?" aliuliza Bi Zamda. "Nasikia harufu ya plastiki."

"Hundi inaungua," alisema Mwalimu Pazi.

Akaondoa mkono wa mkewe begani mwake, akasimama. Alipogeuka kidogo nikamwona uso, nikajua anachotaka kufanya. Nilimtikisia kichwa. Hakunijali. Na hapa, ndugu msomaji, natumia kibali changu.

"Shuka!"

Ilikuwa ile sauti ya darasani, inayofika dawati la mwisho. Alilisema tena, na tena, mara ya tatu akaongeza "wewe mtoto!", lakini kibali changu kinatosha mara moja tu, nyingine msomaji ajazie mwenyewe.

Wimbo ulikatika. Kikosi kizima kikaliacha gari linaloungua, kikamgeukia Mwalimu Pazi. Waya wa kwanza ulimchana kutoka sikio hadi shingo. Wa pili ulimvunja mkono aliouinua. Baada ya hapo sikuweza kuwatenganisha, zilikuwa nyaya nyingi na mtu mmoja, na kila zikipanda zilirusha damu juu ya wageni waalikwa. Wake wa mabalozi walifuta mashavu kwa vitambaa, wakaendelea kupiga makofi.

Kioo cha gari kikafunguka kidogo. Moshi ukatoka, kisha sauti.

"Nani kasema?"

"Mwalimu Pazi, Mheshimiwa!" alijibu Kamanda.

"Achajiwe!"

"Anachajiwa, Mheshimiwa!"

Hapo Kiongozi akatazama chini akaona moto unalamba viatu vyake. Mimi nilikuwa karibu, niliona kwamba ameelewa kila kitu. Mkono wake ulikwenda kwenye kitasa, ukakishika, ukatulia. Kufungua mlango wakati ule kungekuwa kulitii lile neno mbele ya taifa zima. Akauondoa mkono. Akapandisha kioo.

Betri ilipasuka, ikapasuka tena. Alibadili mawazo kwa kuchelewa. Tulimwona akipiga kioo kwa viganja, ngozi ya viganja ikabaki kwenye kioo, lakini umeme ulikuwa umekatika na milango imejifunga. Kwa kuwa hakuna aliyetoa amri nyingine, tukaanza wimbo upya. Tuliimba mpaka akaacha kupiga.

Mwalimu Pazi alikuwa amekwisha kujaa miguuni pa mkewe. Bi Zamda alipapasa chini, akagusa nywele zilizolowa, akajua ni za mumewe. Akamwinamia sikioni.

"Pazi," alimwambia. "Amelipa?"

*

Waziri Lusinge akawa Mpandishaji Mkuu wa Pili. Kwa masikitiko tuligundua kwamba marehemu hawezi kuzikwa, maana jeneza kuingia kaburini ni lile jambo lile lile, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitia saini sheria hiyo. Likawekwa juu ya jukwaa, likapandishiwa udongo, na mvua ilipokuja ikauosha. Bado yuko pale. Ukipita, ziba pua kwa heshima. Mwalimu Pazi, ambaye hakuwa mtu mkubwa, tulimpandisha kuelekea chini nyuma ya machinjio, karibu na Kondo.

Nilitegemea Bi Zamda atakaa eda kimya. Asubuhi moja akanigongea, ameshika ukuta.

"Mjumbe, sheria inasema halishuki?"

"Halishuki, Bi Zamda."

"Hata likiungua?"

"Tangazo la Kiongozi mpya limesema hata likiungua. Lina thamani ile ile ya melini."

"Basi nipeleke hospitali na majivu yake. Bado naona mwanga kidogo."

Sikuona kosa lolote katika ombi hilo, na nilitafuta. Tukazoa majivu na vyuma vilivyopinda uwanjani, tukajaza gunia, nikakodi mkokoteni. Yeye alitembea nyuma ameshika ukingo wake. Njia nzima aliniuliza kofia nyeupe inahitaji uzi wa namna gani siku hizi, na kama mtu anaweza kuivisha kaburi. Nilimwambia nitauliza.

Daktari aliufungua mdomo wa gunia, akatazama, akaenda kupiga simu Wizarani. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Hongera, mama. Wizara imekiri. Majivu haya yana thamani kamili ya gari jipya. Tumeyapokea."

Bi Zamda akashika meza kwa mikono miwili. Hata mimi nilifurahi.

"Ila sheria haichagui," aliendelea daktari. "Kitu kilichotumika hakishuki thamani. Jicho nalo ni kitu kilichotumika. La kwako, kwa maelekezo ya Wizara, lina thamani ile ile uliyozaliwa nayo, na la kushoto vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna cha kupasua. Umepona."

"Na majivu?"

"Yanabaki. Ni malipo ya kumwona daktari."

Bi Zamda alisimama akiutazama ukuta. Ukungu ulikuwa umefunika jicho lote, jeupe kabisa. Daktari akakohoa, nami nikaona aibu kwa niaba ya mtaa wangu, kwamba mtu wetu anahudumiwa namna ile na hasemi hata neno. Nikamnong'oneza, "Bi Zamda, toa shukrani."

Akarekebisha mtandio. Akavuta pumzi.

"Nashu..." alisema, akanyamaza. Akainua mkono, akaukinga uso.

Chumbani tulikuwamo yeye, daktari na mimi, na hakuna aliyeshika waya. Alisimama hivyo muda mrefu, mkono usoni, akisubiri. Nimeyaandika haya yote ili ijulikane wazi kwamba hakuna aliyempiga.